Simu ya Mezani ya Tharcisse

Saint-Gilles, Brussels
Tarehe 9 Juni

Kwako Yaya Hadassa, wifi yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wote wa nyumba ya Kamalondo, wakubwa kwa wadogo. Goti linaendeleaje? Papa Mukendi ameniambia kwamba sasa unapanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono, nami nikafurahi, maana mara ya mwisho nilipokuona kwenye video ulikuwa umeweka mguu juu ya kiti kama chifu anayesubiri kodi. Na presha je? Dawa nilizotuma zilifika zote, au zilipungua njiani kama kawaida? Mimi ni mzima wa mwili. Kazi ya kuwaogesha wazee pale maison de repos naendelea nayo, ingawa mgongo unanung'unika. Habari za roho, Yaya, sitakudanganya. Roho haiko vizuri hata kidogo.

Najua utashangaa kuona barua ya mkono wakati tuna WhatsApp. Nimechagua karatasi kwa sababu kwenye simu wewe huweka sauti kubwa na nyumba nzima inasikiliza, na kwa sababu nikisikia sauti yako nitanyamaza tena, kama nilivyonyamaza siku ile. Papa Mukendi anarudi huko Jumamosi, atakupa bahasha hii mkononi. Isome peke yako kwanza. Baadaye ukiona inafaa kuwasomea wengine, wasomee, sitakulaumu.

Ni juu ya ujumbe wako wa mwezi uliopita. Ulisema kwamba siku ya kuondoa matanga ya mdogo wako Tharcisse, mwezi wa nane, mimi mjane nije, lakini binti yetu Océane asikanyage Lubumbashi, wala jina lake lisisomwe pamoja na majina ya watoto wa ndugu wanaohesabiwa watoto wa marehemu, kwa kuwa ndiye aliyeacha mlango wazi mpaka baba yake akatoka na kupotelea kwenye baridi. Niliusikiliza ujumbe huo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Sikukujibu. Leo nakujibu, ila itanibidi nianzie mbali, kwenye bili ya internet. Usicheke, na usiitupe barua. Hakuna njia nyingine ya kufika kwa Océane isipokuwa hiyo.

Unakumbuka jinsi mume wangu alivyojivunia nyumba yetu: internet, televisheni na simu, vyote vitatu vya kampuni moja, vinalipwa kwa karatasi moja. Hapa mpango wa namna hiyo huitwa pack. Tulipoanza ulikuwa wa bei ya watu wa kawaida. Kisha kila mwaka mpya waliongeza euro mbili, mara tatu, kwa barua yenye maneno matamu ya kutushukuru, na sisi tulilipa kama watu wanaoongezewa heshima. Mwaka jana mwezi wa nne ikafika tisini na nne. Tharcisse alikuwa ameshaacha kazi yake ya kutengeneza chauffage, mitambo ya kupasha joto, kwenye mashule, pensheni yake unaijua, na ugonjwa wa kusahau ulikuwa umekaa nyumbani kwetu miaka miwili kama mgeni asiyeaga. Nikasema hapana, huku sasa ni kunyonywa damu mchana kweupe.

Lakini nipunguze nini? Televisheni ilikuwa haiguswi. Ilikuwa ndiyo muuguzi wake. Ukimwashia mpira, hata wa timu asizozijua, alitulia saa mbili nzima bila kuuliza mama yenu yuko wapi na kwa nini hajaja kula. Internet nayo haiguswi, kwa sababu Océane alikuwa anasomea uuguzi na nusu ya masomo yake yalikuwa ndani ya kompyuta, na kwa sababu sisi wote tuliwaona ninyi kwa njia hiyo. Simu hakuna aliyeitaja. Ilikaa pale kwenye meza ndogo ya korido, juu ya kitambaa ulichokifuma wewe mwenyewe, na tuliipita kila siku kama tunavyoupita ukuta.

Basi nikaanza kuzunguka na makaratasi ya matangazo. Maman Tatiana wa kwaya yetu, ambaye amehama kampuni mara tano na anajiona profesa wa mambo hayo, alinionya nisidanganyike na bei ya mwanzo, ya miezi sita tu. Aliniambia, "Mama, promo iko sawa bwana-arusi. Six mois anakuchekea, kisha utaona meno." Alisema kweli. Kampuni moja ilikuwa rahisi lakini kile kisanduku cha televisheni unakodi pembeni. Nyingine internet yake ilikuwa inakwisha katikati ya mwezi, na baada ya hapo unaangalia duara linazunguka. Nyingine haikuwa na televisheni kabisa, walitaka tuangalie kwenye simu ya mkononi, nami nilimwona Tharcisse akigeuza kitu kile na kuniuliza watu wameenda wapi. Wiki tatu nilihangaika hivyo, jioni nikitoka kazini, nikisoma maandishi madogo ya chini mpaka macho yananitoka machozi.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano, nikitoka kununua sombe na samaki wakavu, nikaingia duka moja la simu kwenye Chaussée d'Ixelles, hatua chache kutoka Porte de Namur. Alinipokea kijana Mbelgiji, shati safi, subira nyingi. Nilimweleza shida yangu yote, hata mambo yasiyomhusu. Akahesabu, akasema tunaweza kufika soixante-quatorze, sabini na nne. Nikamwambia bado ni ghali, aangalie vizuri.

Wewe unanijua, Yaya. Mimi nimekulia nyuma ya meza ya mama yangu, soko la Kenya la huko Lubumbashi, kati ya vitenge. Na unalijua neno linalouma kuliko yote pale sokoni. Mwuzaji akichoka kupatana anakwambia bei ni fixe, yaani haisogei, chukua au ondoka. Mama yangu alikuwa anasema mtu wa fixe hatafuti mteja, anatafuta pesa tu. Akiambiwa hivyo alikuwa anatikisa kidole na kucheka: "Apana fixe, papa, tuzungumuze." Na bei ilikuwa inashuka.

Kijana yule akaandika-andika kwenye kompyuta, kisha akaniuliza bila kuinua macho, "Et le fixe, madame, on le garde?" Nilisikia ananiuliza kama tunabaki na fixe yake. Nikatikisa kidole kama mama. Nikamwambia, "Non, non, monsieur, pas de fixe. On discute." Akaniangalia kidogo, akabonyeza kitufe, akasema kwa hiyo tumefika soixante-deux, sitini na mbili. Euro kumi na mbili zimeanguka kwa neno moja. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikatia sahihi kwenye kioo kwa kidole, mara nne, nikatoka nje nikijiona bado ni mtoto wa soko. Kwenye kwaya niliwasimulia wote, nikaigiza na sauti ya kijana. Maman Tatiana alinuna wiki nzima. Nyumbani Tharcisse alicheka mpaka akakohoa, akasema Wabelgiji sasa wamepata mtu wao.

Sasa nikueleze jambo la namba, ambalo hamkulijua vizuri huko. Daktari alipotuthibitishia ugonjwa, alitwambia siku zinakuja ambapo Tharcisse atatoka na hatajua kurudi, kwa hiyo lazima awe na kitu kimoja cha kumrudisha. Akapendekeza bangili yenye jina na anwani. Mdogo wako aliikataa mbele ya daktari. Alisema, "Miye siko mbuzi ya kufunga kamba." Nilijaribu karatasi mfukoni, akazichana. Namba ya simu yangu ya mkononi haikushika kichwani mwake hata siku moja. Lakini namba ya simu ya nyumba ilikuwepo, imekaa imara, kwa sababu aliiomba mwenyewe mwaka 2001, tukiwa na godoro na sufuria mbili tu, na aliitoa kwa kila mtu tangu siku hiyo. Ndiyo namba mliyotupigia mama alipofariki. Jina la jirani alilisahau, jina langu lilimponyoka asubuhi nyingine, namba hiyo kamwe.

Daktari akasema basi tumshikilie na hiyo. Ikawa sala yetu ya asubuhi. Nikimpa mkate namuuliza ukipotea utafanya nini, papa? Naye anaweka mkate chini, ananyoosha mgongo kama mwanafunzi mbele ya bwana mkubwa wa shule, anasema, "Zéro deux, cinq cent trente-huit," na zile nne za mwisho, taratibu, bila kukosea. Namwambia vizuri. Anakula. Mimi nilikuwa naenda kazini moyo ukiwa umetulia, kwa sababu nilijua popote atakapofika katika mji huu, atakutana na mtu mwenye simu.

Yaya, mwezi wa tisa nilikuwa napangusa vumbi kwenye korido, nikainua mkono wa ile simu ya mezani ili nifute chini yake. Haikulia. Hakuna ile sauti ndefu ya kungoja. Nilikuwa nimeshaona kwamba tangu tuhame kampuni hailii, lakini waliokuwa wanaipiga siku za mwisho ni watu wa matangazo ya madirisha tu, na nilishukuru kwamba wameniacha. Nikachukua mkataba nikarudi dukani. Kijana alikuwa yule yule, na alinikumbuka. Akafungua karatasi zangu kwenye kioo, akanionyesha kwa kalamu mstari mmoja wenye sahihi yangu chini yake. Akanieleza kwa upole kwamba le fixe ni simu ya waya, ile ya nyumbani, na kwamba aliniuliza kama tunaendelea nayo nami nikasema sitaki. Zile euro kumi na mbili zilikuwa ndizo bei ya simu.

Nimeishi Brussels miaka ishirini na mitano. Ungenisimamisha barabarani ukaniuliza le fixe ni kitu gani, ningekujibu bila kufikiri. Lakini sikuwa barabarani siku ile, nilikuwa napatana bei, na mtu anayepatana bei ana sikio moja tu. Kosa hilo ningeweza kukuandikia na tukacheka pamoja. Naomba uweke akilini kwamba sikuandika barua hii kwa ajili ya kosa hilo.

Kijana aliniambia namba bado haijapewa mtu mwingine. Alisema kuna fomu ya kuiomba irudi, anayo hapo hapo, ila bei itapanda kwa zile euro kumi na mbili, na nisichelewe kwa sababu baada ya muda inatoka mikononi mwao. Akanisogezea fomu na kalamu. Nyuma yangu kulikuwa na watu wanangoja, na mmoja wao alikuwa mama wa kanisa letu, amenisalimia kwa tabasamu. Nikafikiria kwaya. Nikafikiria Maman Tatiana atakavyoinuka na kuigiza na yeye, mtoto wa soko aliyeuza simu yake bila kujua. Nikamwambia kijana nitafikiri, nitarudi wiki ijayo. Nikatoka.

Sikurudi. Wiki ya kwanza nilijiambia nina zamu nyingi, ya pili nilijiambia Tharcisse hatoki tena nje peke yake, basi namba ya nini. Mwezi wa kumi na moja nilipita mbele ya duka nikavuka barabara ili kijana asinione. Na Océane sikumwambia, kwa sababu yeye angenishika mkono siku hiyo hiyo tukaenda.

Na asubuhi, Yaya. Asubuhi tuliendelea na sala yetu. Nampa mkate, namuuliza, ananyoosha mgongo, anaisema namba yote mpaka mwisho, ananiangalia akingoja jibu. Nami namwambia ndiyo, papa, ni hiyo hiyo, vizuri sana. Miezi minne. Kila siku, nikijua.

Wewe mwenyewe ulikaribia kunigundua mwezi wa kumi na mbili. Uliniambia umejaribu kupiga namba ya nyumba ili umtakie Tharcisse Noeli, mwanamke wa mashine akakujibu Kifaransa. Nikakwambia ni réseau, mtandao wa simu, huku theluji imeharibu nyaya. Hakukuwa na theluji.

Sasa ile siku ya Januari. Nakuandikia kama ilivyokuwa, hakuna nilichoongeza. Nilikuwa kazini. Saa nane mchana wakapiga kengele chini, mzigo wa Océane, colis ya vitabu vya shule. Jengo letu ni nyumba ya zamani iliyogawanywa, sisi tuko ghorofa ya tatu, na mleta mizigo hapandi. Baba yake alikuwa amelala mbele ya televisheni. Océane akashuka, akaacha mlango wazi na funguo ndani ya kitasa ili asijifungie nje, chini akakuta mzigo una jina lililokosewa, wakabishana na mleta mizigo. Dakika kumi. Alipopanda kiti kilikuwa kitupu na mpira unaendelea. Inaonekana baba yake alishuka kwa ngazi za nyuma, zile za uani. Océane alikimbia Saint-Gilles yote kwa viatu vya ndani. Aliwapigia simu polisi, alinipigia mimi, alipigia kanisa. Mtoto yule hakukaa.

Tulimpata kesho yake asubuhi kwenye uwanja wa magari nyuma ya stesheni ya Gare du Midi, amekaa kwenye kona, bado ana pumzi. Siku nne hospitali, mapafu, kisha akatuacha. Hayo uliyajua.

Na mazishi uliyaona. Ile internet yangu ya soixante-deux ilifanya kazi yake vizuri ajabu, mliona kila kitu moja kwa moja, kaburi na maua na sura zetu, picha haikukatika hata mara moja. Halafu pale ukumbini, simu ikiwa imewekwa mezani kati ya sahani, watu wote wanasikiliza, ukasema, "Ule mutoto njo aliua baba yake, juu ya colis." Océane alikuwa amesimama na sinia la chai. Aliniangalia mimi, Yaya, hakuangalia simu. Alikuwa anangoja niseme neno moja, lolote, hata kusema tu tusiongee hayo leo. Nilikunja kitambaa cha meza nikakikunjua. Akaweka sinia chini, akachukua koti. Tangu siku hiyo anaishi Liège kwa rafiki yake, masomo ameacha, na mimi ananiandikia "bonjour maman, ça va" siku za Jumapili, basi.

Siku ile sikujua kila kitu, lakini nilijua ya kutosha kufungua mdomo. Yaliyobaki niliyajua mwezi wa tatu, polisi waliponipa nakala ya karatasi zao. Humo kuna maneno ya mwanamke mmoja, Nadia, wa duka la kufulia nguo karibu na stesheni. Polisi wameandika kwamba marehemu alimtajia namba ya simu isiyokuwepo. Nilisoma mstari huo nimesimama jikoni, nikaikunja karatasi nikaificha chini ya mchele. Wiki mbili baadaye nikaenda kumtafuta.

Nadia ni Mrundi wa Bujumbura, mama wa makamo, anafunga kitambaa kichwani. Nilipomwambia mimi ni mke wa yule mzee alizima mashine, akanipa kiti, akaniambia ni hicho hicho alichomkalisha. Alisema mzee aliingia kama saa kumi, anatetemeka, bila kofia. Aliposikia lafudhi yake akamsemesha Kiswahili, na mzee akafurahi sana, akamwita mwanangu. Akampa chai ya tangawizi na kumweka karibu na mashine za kukaushia, penye joto. Mzee akamwambia, "Telefona ku nyumba, bibi yangu atakuya," akampa namba.

Nadia akapiga. Mashine ikamjibu kwamba namba hiyo haitumiki. Akamwomba aitaje tena. Akaitaja. Akapiga, jibu lile lile. Nadia aliandika kwenye kipande cha karatasi kila alichoambiwa, na karatasi hiyo alikuwa bado nayo kwenye droo, akanionyesha. Mara saba, Yaya. Mistari saba, kila mmoja na namba yake, na hakuna tarakimu iliyopinda. Ilikuwa ni ile ile, ya 2001, yote.

Basi Nadia akamwambia kwa upole, kama unavyomwambia mzee yeyote, kwamba labda ameisahau. Anasema mzee alimwomba msamaha kwa usumbufu. Akasema, "Njo vile, mutoto yangu. Nayo imekwenda." Nadia akaingia chumba cha nyuma kuwapigia polisi, mashine zilikuwa zinapiga kelele. Aliporudi kikombe kilikuwa kimewekwa vizuri juu ya kiti, na mlango unajifunga polepole.

Hii ndiyo siri yangu. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua, na kilio kimepita, kimenifichua mbele yangu mwenyewe tu, wengine wote mkaendelea kunipa pole. Mnanitumia nyimbo za faraja. Mama mchungaji ananiletea supu. Ninaipokea, ninakula. Kisha najiuliza mtu wa namna gani anakula supu ile. Sala siwezi, nikianza naisikia namba. Televisheni siwashi. Nakuandikia hivi si ili unihurumie, ni kwamba hakuna mwingine ambaye nimemwambia, na mtu anayebeba peke yake mwishowe anapindika.

Océane bado hajui. Jumapili hii nitapanda treni kwenda Liège na karatasi ya polisi na kile kipande cha Nadia. Nimekuandikia wewe kwanza kwa sababu yeye ndiye ninayemwogopa zaidi. Akinifungia mlango nitakaa kwenye ngazi mpaka treni ya jioni, na Jumapili nyingine nitarudi.

Ombi langu kwako ni moja. Mlango aliuacha wazi, ni kweli, na yeye mwenyewe hatasema vingine. Lakini mtu akitoka nyumbani anaweza kurudi. Mdogo wako alikuwa anarudi, Yaya. Alikuwa amekaa penye joto, ana chai, ana mtu wa kusema naye Kiswahili, na njia ya kurudi ilikuwa mdomoni mwake, safi. Kichwa chake hakikumwangusha. Aliyemwangusha ni mimi, na akafa akiamini kwamba ameisahau nyumba yake.

Kwa hiyo mwezi wa nane mtakaposoma majina ya watoto, jina la Océane lisomwe la kwanza, yeye ni mtoto wake wa pekee wa kumzaa hapa duniani na hakuna mwingine wa kuwekwa mbele yake. Mimi nikija nitakaa mtakaponiweka, hata uani, hata nje ya ua. Mkisema nisije, sitakuja. Mkihitaji nisimame mbele ya familia niseme haya kwa mdomo, nitasema, na safari hii sitanyamaza.

Nisalimie sana Kabeya na mke wake, watoto wa Mwenze, na yule mama jirani wa kuuza mandazi ambaye huniulizia kila mara. Endelea kumeza dawa za presha baada ya chakula, si kabla. Papa Mukendi amebeba pia miwani yako mipya na sabuni za kuogea, ziko kwenye mfuko wa bluu. Mungu akulinde, Yaya, na akupe moyo wa kusoma ukurasa huu wa mwisho bila kupandisha presha.

Ni mimi, mke wa mdogo wako, kama bado utakubali kuniita hivyo,

Mathilde Numbi